Kuanzia Shingoni Kwenda Juu

Wodi ya wanawake, kitanda cha mwisho
4 Machi

Mdogo wangu,

Najua umepiga simu mara nyingi. Sikupokea makusudi. Hapa wodini ukiongea na simu, kitanda cha kumi wanakuitikia, na mimi nikisikia sauti yako nitalia, na nikilia sitasema ninachotaka kusema. Nimeona heri niandike. Barua anakuletea dereva wa basi la asubuhi, yule niliyemshonea sare. Ukinijibu, mpe yeye huyo huyo.

Mpwa wako anaumwa. Wiki tatu zilizopita alirudi kutoka chuoni na homa kidogo na kichwa kinamgonga, tukadhani mafua. Siku ya tano akaanza kusema mambo yasiyo na kichwa wala miguu. Mara mwalimu wake amejificha ndani ya cherehani yangu, mara maji ya bombani yanamwita kwa jina. Usingizi hana. Asubuhi moja nilikuwa nampelekea chai, akanitazama muda mrefu, akaniuliza, "Wewe ni nani uliyevaa nguo za mama?" Nilikaa chini pale pale mlangoni, chai ikamwagika, hata sikuifuta.

Unamjua Chiriku. Jina hilo tulimpa kabla hajaota meno ya mbele vizuri, kwa kuwa hata akiwa usingizini alikuwa anaongea. Sasa anaongea zaidi ya zamani, ila hakuna anayezungumza naye.

Daktari anasema ni wazimu umeanza, umri wake ndio huo. Wanampa dawa za kutuliza. Nesi mmoja anasema mitihani, mwingine anasema mapenzi. Mama wa kitanda cha jirani anasema mambo ambayo sitayaandika. Wewe unashinda na ubongo, hata kama ni wa panya. Niambie ukweli: akili ya mtu inaweza kuondoka ndani ya siku tano, na ikiondoka hurudi? Mwilini kwingine hana shida yoyote, ni kichwa tu.

Dada yako

*

Maabara
9 Machi

Dada, shikamoo.

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikarudi nikaisoma nimekaa. Pole sana. Nami nimechoka, lakini uchovu wangu ni wa kazi, hauwezi kukaa meza moja na wako.

Ngoja nikueleze ninachokijua, maana nyumbani mmezoea kunicheka kwamba mimi ni mjomba wa panya. Kazi yetu ni kukata ubongo vipande vyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, kuviweka kwenye maji ya chumvi yenye hewa, na kugusa seli moja kwa sindano ya kioo ambayo ncha yake huioni kwa macho. Halafu tunasikiliza umeme wake. Siku nzima. Mtu akifunga mlango kwa nguvu, sindano inaruka na tunaanza upya.

Seli za ubongo hazishikani, dada. Kati yao kuna mwanya. Ya kwanza inamwaga kemikali kwenye mwanya, ya pili inaipokea. Kemikali inayotumika zaidi kuamsha seli inaitwa glutamati, na karibu kila unachofikiri kinapita kwayo. Sasa kama ujumbe ni ule ule mmoja, mbona tunafikiri mambo elfu? Kwa sababu wapokeaji si wa aina moja. Tunawaita vipokezi.

Kuna vipokezi vya AMPA. Hivi ni mlango mwepesi: glutamati ikigusa, unafunguka, na kabla hujapepesa jicho umeshafungwa. Kuna vya keinati, ndugu wa hao, vichache, na kazi yao hata sisi tunabishana. Kuna kundi jingine ambalo si milango kabisa, ni kengele tu: inagongwa nje, walio ndani wanaanza kazi taratibu. Halafu kuna vya NMDA, na hivi ndivyo nimevifanyia kazi miaka saba. Mlango wa NMDA umezibwa na chembe ya magnesiamu. Glutamati ikija peke yake, mlango haupitiki. Mpaka seli iwe imeshaamshwa na ile milango myepesi ndipo magnesiamu inatoka njiani. Na pia awepo msaidizi mwingine, aitwaye glisini, amekaa mahali pake. Yakitimia yote, kalsiamu inaingia, na seli inaelewa kwamba jambo hili ni la kushika. Kujifunza kunaanzia hapo, na kukumbuka pia.

Kwa hiyo mtu akiniambia akili imeondoka, mimi nauliza ni mlango gani haufunguki. Nijibu haya: mdomo wake unachezacheza wenyewe? Mikono inakakamaa? Amewahi kuanguka kifafa? Anasahau jambo la dakika iliyopita? Maswali yangu yote yanaanzia shingoni kwenda juu kwa sababu huko ndiko ninakojua njia.

Mdogo wako

*

Wodini
15 Machi

Mdogo wangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nikasinzia, usinikasirikie, ilikuwa siku ya nne sijalala. Mara ya tatu nikaielewa kwa lugha ya duka langu. AMPA ni mteja anayechungulia, anauliza kama nimemaliza gauni, anaondoka. NMDA ni yule anayekuja kupimwa: hanipati mpaka wale wa kwanza wawe wameshaniinua kwenye kiti, na akiingia ndiyo kazi yenyewe imeingia. Kama nimekosea, niache hivyo hivyo.

Majibu yako ni haya. Mdomo ndiyo. Anatafuna wakati hana kitu mdomoni, analamba midomo mpaka imechubuka. Mkono ukiuinua unabaki juu, haushuki mpaka uushushe wewe. Kifafa ndiyo, Alhamisi, mbele ya macho yangu, na jana tena. Kusahau sijui, maana tangu Jumanne hasemi. Chiriku amenyamaza. Anafumbua macho, anatazama dari, basi. Nilikuwa naomba anyamaze apumzike, na sasa nimepewa nilichoomba.

Walichukua damu, wakachukua mkojo, vyote wanasema safi. Daktari bado anaita wazimu, ila sasa anaita kwa sauti ya chini. Mwandikie. Nimeshamwambia mdogo wangu ni daktari wa ubongo. Mtu wa kazi humsikiliza mtu wa kazi.

Mimi sijambo. Mgongo unaniuma kwa kiti hiki cha plastiki. Nimekuja na nguo za wateja, nazikunja pindo kwa mkono hapa kitandani, maana nikikaa bure nitaanza kumtikisa mtoto.

Dada yako

*

Maabara
19 Machi

Dada, shikamoo.

Nimepata ninachokitafuta, na sikukipenda. Mdomo, mkono unaobaki juu, kifafa, kunyamaza: vyote hivyo pamoja vinaniambia si wazimu wa kawaida. Kuna ugonjwa ambao askari wa mwili, zile kingamwili zinazopigana na vijidudu, wanageuka na kushambulia vipokezi vya NMDA. Hawaviui. Wanavishika, na seli inavimeza ndani, vinaisha juu ya ngozi yake. Ile milango myepesi ipo, inafunguka na kufungwa kama kawaida, lakini mlango wa kushika mambo haupo tena. Sisi maabara tukitaka kumfanya panya awe hivyo tunatumia dawa. Kwake mwili umejifanyia wenyewe.

Sikia jambo muhimu: seli zenyewe hazijafa. Askari wakiondolewa, seli inarudisha milango yake. Inachukua miezi, lakini wengi wanarudi. Wasipotibiwa, ugonjwa unashuka kwenye kupumua na mapigo ya moyo, na huko ndiko unakoua. Kipimo ni cha maji ya uti wa mgongo. Nimeambatanisha barua ya daktari wako, mpe leo, usimsubiri akuite.

Na sehemu nyingine za mwili, dada, zimekaguliwa zote? Unanielewa. Mengine ni mambo ya akina mama, mimi ni mjomba, sitaki kuingia sana.

Mdogo wako

*

Wodini
24 Machi

Mdogo wangu,

Daktari aliisoma barua yako amesimama kwenye korido. Akaniuliza ndugu yako anatibu hospitali gani. Nikasema sehemu kubwa, jina limenitoka. Akauliza, "Anatibu watu?" Nikasema anatibu ubongo. Akaikunja, akaitia mfukoni, nikajua imekwisha. Lakini kesho yake alirudi mwenyewe, amesoma sijui wapi, akatoa maji ya mgongo. Sampuli imepelekwa mbali. Majibu ni wiki mbili.

Wiki mbili sijui kama tunazo. Juzi pumzi ilianza kumkatikakatika. Wamemhamishia chumba cha mashine. Moyo unakimbia, halafu unazubaa, halafu unakimbia. Naruhusiwa kuingia asubuhi kumwogesha na jioni kumtazama, muda mwingine nakaa kwenye benchi la nje na nguo za watu. Jana nimeshona kola upande usio wake, mara mbili, kwa nguo ile ile.

Kuhusu swali lako la mwisho, zimekaguliwa zote. Usilirudie.

Nimechoka. Hata huku kuchoka kwenyewe kumenichosha.

Dada yako

*

Maabara
27 Machi

Dada,

Nimepiga tangu asubuhi, simu umeizima. Barua hii nimemwambia dereva asimpe mtu mwingine, akukabidhi mkononi.

La kwanza. Mimi si daktari. Sijawahi kuwa. Mimi ni fundi wa maabara. Ninakata ubongo, ninaandaa maji, ninatengeneza sindano za kioo, na wakubwa wanaandika majina yao juu ya ninachokisikia. Nyumbani mlianza kuniita daktari tangu picha ile ya koti jeupe, na sikuwahi kusahihisha kwa sababu ilinifurahisha. Sasa imemchelewesha mtoto. Tangu barua yako ya kwanza nilikuwa na wasiwasi na ugonjwa huu, na wiki mbili nzima nilikuwa naogopa kumwandikia daktari wako asije akaniuliza mimi ni nani. Ameniuliza leo, nimempigia, nimemjibu. Hakunifokea. Amesema angalau nimemwambia ugonjwa ambao hajawahi kuuona.

La pili. Katika wasichana wa umri wake, mara nyingi ugonjwa huu unaanzia kwenye uvimbe wa ovari, kule mayai yanakokaa. Uvimbe wa namna hiyo huwa na nyama za kila aina, hata nyama ya mishipa ya fahamu kama ya ubongo. Mwili unaupiga vita, halafu askari wale wale wanapanda kichwani. Uvimbe usipotolewa, askari hawaishi. Hili nililijua tangu siku ya kwanza pia. Sikuliuliza vizuri kwa sababu mjomba haulizi habari za tumbo la mpwa wake, nikauliza kwa kuzungukazunguka kama mwizi.

Daktari anasema mkojo ulipimwa, hana mimba, na mama mtu alisema tumbo halina tatizo, ndiyo maana tumbo halikupigwa picha. Anasema na tumbo kwa kulishika si rahisi kulijua, mtoto amekakamaa mwili mzima.

Lakini wewe ndiye unayemwogesha. Nakuuliza waziwazi, na uniambie mimi au umwambie yeye, leo hii: tumboni kuna nini?

Mdogo wako

*

Wodini
3 Aprili

Mdogo wangu,

Wamemtoa uvimbe juzi. Yupo hai. Hasemi, hatazami mtu, lakini yupo hai. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la nje, na leo sina nguo ya mtu mapajani.

Nitakueleza mara moja, usiniulize tena.

Mimi ni fundi, kiuno cha mwanangu nakijua kuliko jina langu. Alipokuja likizo ya mwaka mpya niliifumua sketi yake nikaongeza sentimita mbili. Alipokuja tena na ile homa, nikaongeza mbili nyingine. Nilipokuwa namwogesha hapa nilikuwa nasikia kitu kigumu chini ya kitovu, upande wa kushoto. Na siku zake alikuwa amezipita, niliona mwenyewe hajagusa vitu vyake kabatini. Nikajiambia hii ni ile ile yangu. Mtoto amefuata nyayo, na sasa ameshikwa na wazimu kwa hofu ya kuniambia.

Siku ya pili ya kulazwa nesi alinipa kikopo, nimsaidie mgonjwa atoe mkojo. Nilikwenda naye chooni. Nikajaza wa kwangu.

Nilitaka nimsitiri. Nilijua wakishaandika mimba kwenye faili lake, wodi nzima itajua kabla ya chakula cha mchana, na chuo kitajua, na watasema wazimu wenyewe ndio huo, mapenzi, na hakuna atakayemtibu tena. Karatasi ikarudi imesema hana mimba. Wote wakaiamini. Peke yangu sikuiamini, kwa sababu mkojo ulikuwa wangu.

Unaona nilichofanya? Ningepeleka wa kwake, wangeniambia vile vile, hana mimba. Na hapo ningeuliza, basi hiki kigumu ni nini. Wiki tano zilizopita ningekuwa nimeuliza. Jibu la kweli nilikuwa nalo kwenye kikopo na nikalimwaga chooni.

Ile methali ya mficha maradhi naijua. Nimewahi kumpa mtu mwingine, shangazi wa jirani, tena kwa kiburi.

Barua yako niliisoma pale pale aliponipa dereva. Nikaenda kwa daktari nikamwambia yote, nesi akiwepo. Nesi akainamisha kichwa. Daktari akaita mashine ya picha ije kitandani. Uvimbe ulikuwa sawa na chungwa. Alinionyesha baada ya upasuaji, mimi ndiye niliyetaka. Ndani yake kulikuwa na nywele, dada yako ameona nywele na jino moja, vimetoka tumboni mwa mtoto. Daktari akaeleza kama ulivyoeleza, nyama za kila aina, si mkono wa mtu, si uchawi. Nimemwomba nesi asiyaseme wodini. Ovari moja imekwenda, moja ipo.

Majibu ya maji ya mgongo yamekuja leo asubuhi, mapema kuliko walivyosema. Ni ule ugonjwa wako.

Utajiuliza kwa nini sikukuambia wewe, na uliuliza. Mambo ya tumbo niliwahi kukuambia wewe kabla ya mtu yeyote. Jikoni, nakatakata mboga, wewe una miaka kumi na mitatu. Nilikuambia kwa sababu ulikuwa mdogo na nilitaka mtu wa kujua asiyeweza kunifanya kitu. Kesho yake baba alikuwa anajua. Keshokutwa nilikuwa nimetoka nyumbani, na chuo cha ualimu kikaishia hapo. Chiriku ndiye mimba hiyo. Sikuwahi kukusema, nimekulisha na kukuvisha kila ulipokuja kwangu, na nakupenda. Lakini tumbo la mwanangu nisingekupa.

Dada yako

*

Maabara
8 Aprili

Dada, shikamoo.

Sina la kujitetea. Utashangaa, lakini siku zote nimekuwa nikijiambia kwamba baba alikwisha kujua. Hakuwa anajua. Alikuwa anasoma gazeti, akauliza tu mbona dada yako siku hizi haimbi. Nikamjibu. Nilitaka aweke gazeti chini anitazame. Akaliweka.

Nilikaa mlangoni nikakuona unakunja nguo zako, na sikusema hata samahani. Nasema sasa, najua imechelewa miaka ishirini. Nisamehe.

Kuhusu mtoto, usitarajie aamke kama mtu wa usingizi. Askari waliobaki ndio wanaosafishwa na dawa wanazompa, na milango itarudi mmoja mmoja. Atarudi kinyumenyume: kwanza pumzi, halafu mikono, halafu macho yatakufuata, maneno mwisho. Atakuwa na hasira, atakuwa mtoto mdogo, atacheka ovyo. Usiogope.

Nimeomba ruhusa. Nakuja Jumamosi, siku mbili. Sitasema lolote la kikopo, kwa daktari mwingine wala kwa ndugu. Hilo ni lako.

Mdogo wako

*

Nyumbani
30 Juni

Mjomba, shikamoo.

Ni mimi, Chiriku. Mwandiko umepinda, usicheke, mkono bado unasahau herufi. Barua hii nimeianza Jumatatu na leo ni Ijumaa. Naandika mistari mitatu, nalala.

Mama anasema ulikuja Aprili ukakaa kando yangu siku mbili unanisomea gazeti. Asante, ila sikumbuki. Sikumbuki chochote tangu nishuke kwenye basi na kile kichwa. Jambo la kwanza ninalolijua ni Mei, mikono ya mama inanifunga vifungo, na mimi nimekasirika sijui kwa nini. Katikati hapo hamna kitu. Najaribu kutafuta usiku na mchana mpaka kichwa kinauma. Nimeficha wapi miezi mitatu?

La pili ndilo lililonifanya niandike. Nina kovu tumboni. Mama anasema uvimbe, ulitolewa, basi. Nikaangalia tarehe kwenye karatasi za hospitali. Wiki tano nililala kabla mtu hajanitazama tumbo. Nikimuuliza mama kwa nini, anaweka pini mdomoni, zote, safu nzima, na mtu mwenye pini mdomoni utamuuliza nini? Nilimuuliza daktari siku ya kliniki, akasema, "Mama yako anajua." Mama akaenda kusimama dirishani.

Mjomba, ni mwili wangu. Kama nilifanya kitu kibaya, nataka kujua. Nawaza mabaya tu. Mama anasema wewe hukuwahi kujua kunyamaza tangu utoto, basi leo usinyamaze.

Mpwa wako

*

Maabara
6 Julai

Chiriku, marahaba.

Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Ni mbaya kuliko wa kwangu, na wa kwangu wakubwa wangu hawausomi.

Acha kuitafuta ile miezi. Hukuificha popote. Ubongo unashika jambo kwa kupitia vipokezi fulani, vinaitwa NMDA, na wakati ule ulikuwa umebaki navyo vichache mno. Uliona, ulisikia, ulilia, naamini hata ulinisikia nikikusomea gazeti, maana milango ya haraka ilikuwa inafanya kazi. Ila hakuna kilichoandikwa. Huwezi kuukumbuka ukurasa ambao haukuandikwa, na kuchimba kutakuchosha bure. Milango mingi imesharudi. Ushahidi ni huu kwamba Ijumaa ulikumbuka ulichoandika Jumatatu.

Kuhusu tumbo. Hukufanya kosa lolote, hilo nakuapia, lishike kwa nguvu zako zote. Mengine nayajua, na sitayasema. Mama yako yuko sahihi kwamba sikujua kunyamaza. Niliwahi kumsemea jambo lake kabla hajafungua kinywa, na lilimgharimu nyumba na shule. Safari hii atalisema yeye, au halitasemwa. Mwambie mjomba amegoma.

Bahasha sijaifunga. Akitaka kusoma, asome.

Mjomba wako

*

Nyumbani
14 Julai

Mdogo wangu, marahaba.

Nimeisoma. Nikakaa nayo siku tatu kwenye mfuko wa aproni. Siku ya nne nikafunga duka mapema, nikamwambia Chiriku akae.

Nimemwambia mwenyewe. Sketi, kile kigumu, kikopo, vyote. Sikujipunguzia. Alikuwa ananisikiliza ameshika tumbo kwa mikono miwili. Nilipomaliza nilikuwa nasubiri anipige, au atoke, na ningemwacha atoke. Alikaa kimya kwa muda mrefu, na kimya cha mtoto huyu sasa kinanitetemesha, nadhani ugonjwa umerudi.

Halafu akauliza, "Kwa hiyo ulidhani nina mimba. Ulikuwa umepanga kunifanya nini?"

Nikaenda chumbani, nikavuta kasha la chini ya kitanda, nikamletea. Nilikuwa nimeshashona, mdogo wangu. Tangu Februari, kabla hata hatujaenda hospitali, kila mteja akiacha kipande laini nilikiweka. Nguo saba, za mtoto wa kuzaliwa. Nilikuwa nimepanga abaki nyumbani, aendelee na chuo, na mtoto nimlee mimi. Nilikuwa nasubiri tu aniambie mwenyewe.

Alizitoa moja moja, akazipanga mapajani. Alilia, nami nikalia. Kisha akaichukua ya njano, akaigeuza ndani nje, akaiinua kwenye mwanga, akaniambia mshono wa bega umepinda.

Umepinda kweli. Ameketi na kisu cha kufumulia, anaufumua.

Dada yako